Kupima njia ya barabara juu ya ardhi iliyoganda: jibu kwa msomaji wa Wete

Swali: Assalamu alaikum, mwalimu. Mimi ni kijana wa Wete. Nimesomea ujenzi wa barabara Unguja na sasa nimepata nafasi ya kuendelea na masomo Yakutsk, Urusi. Nimeambiwa huko ardhi imeganda mwaka mzima, na bado barabara zinabonyea na kupasuka. Sielewi. Kwetu tunachimba mashimo, tunapeleka udongo maabara, tunapata CBR, yaani kipimo cha nguvu ya udongo kubeba uzito, tunaamua unene wa matabaka. Ardhi iliyoganda si ngumu kama jiwe? Wenzetu wanapima nini kabla ya kujenga, na wanapimaje? Na elimu hiyo itanifaa nikirudi Pemba?

Jibu: Waalaikumu salaam, mwanangu, na hongera kwa nafasi hiyo. Nianzie kwenye hiyo CBR, kwa sababu jibu limo humo humo. Maabara huilowesha sampuli siku 4 kabla ya kuisukuma kwa pistoni. Hatutaki kujua udongo ulikuwa na nguvu gani siku ulipochimbwa wakati wa kaskazi, ardhi imekauka. Tunataka kujua utabakiwa na nguvu gani masika yakishaupiga. Mhandisi wa Yakutsk anafuata njia hiyo hiyo, ila hali mbaya anayoiogopa yeye si udongo kuloa bali ni udongo kuyeyuka. Kweli, ardhi iliyoganda ni ngumu, na keekee ya kawaida hutaabika kuipenya. Ugumu huo hauna maana kwake. Anachotaka kujua ni kiasi cha barafu kilichomo, joto la ardhi liko mbali kiasi gani na nyuzi 0, na barabara yenyewe ikishajengwa italisogeza joto hilo kuelekea wapi.

Hili la mwisho ndilo geni kwetu. Kwetu barabara hukaa juu ya ardhi. Kule barabara huibadilisha ardhi iliyo chini yake, tangu siku ya kwanza katapila linapofyeka majani.

Jalidi ya kudumu ni ardhi yoyote, iwe mwamba, mchanga, udongo au mboji, iliyokaa kwenye nyuzi 0 au chini yake kwa miaka 2 mfululizo au zaidi. Maana hiyo haitaji barafu hata kidogo. Mwamba mkavu wenye nyuzi −5 ni jalidi ya kudumu, na hata ukipata joto hauwi kitu kingine. Juu ya jalidi kuna tabaka linaloyeyuka kila kiangazi na kuganda tena: laweza kuwa na sentimita 30 tu chini ya kuvumwani na mboji iliyoloa, au likapita mita 2 kwenye changarawe kavu. Yakutsk, wastani wa Januari hukaribia nyuzi −37 na wa Julai hukaribia +20. Katika mji huo kuna Shimo la Shergin, lililochimbwa kwa mikono kati ya 1828 na 1837 kwa ajili ya kutafuta maji ya kisima. Lilifika mita 116 na ardhi bado ilikuwa imeganda. Omba upelekwe ukalione.

Barafu ndiyo ya kuhesabu

Katika changarawe na mchanga mnene, mara nyingi barafu hujaza matundu yaliyo baina ya chembe tu. Chembe zinagusana. Barafu ikiyeyuka maji hutoka, chembe hubaki zilipo, na ardhi haishuki sana. Silti ni habari nyingine. Silti ni zile chembe ndogo kuliko mchanga na kubwa kuliko mfinyanzi, na wakati wa kuganda huvuta maji kutoka chini na kuyagandisha kwa matabaka, mengine membamba kama karatasi, mengine mapana kama kiganja. Matabaka hayo huzisukuma chembe zikaachana. Likiyeyuka tabaka la namna hiyo, maji huwa mengi kuliko nafasi iliyopo baina ya chembe, na tuta zima la kifusi linalobeba barabara huzama kwenye uji. Barafu hii iliyozidi nafasi ya chembe ndiyo inayovunja barabara, na ndiyo unayoitafuta.

Kuipima hakuhitaji mashine kubwa. Chukua kipande cha sampuli kilichotoka kwenye keekee kikiwa bado kimeganda, kitie kwenye chombo cha kioo chenye alama za ujazo, kiache kiyeyuke, kikoroge, kisha kiache kitulie hadi udongo ukae chini na maji meupe yabaki juu. Tuseme udongo umefika alama ya mililita 500 na maji juu yake ni mililita 300. Maji yanapoganda hupanuka kwa asilimia 9, kwa hiyo barafu iliyozidi ilikuwa 300 × 1.09, yaani mililita 327. Gawa 327 kwa jumla ya 500 na 327, unapata karibu asilimia 40. Kama tabaka la namna hiyo lina unene wa mita 3 na likayeyuka lote, uso wa barabara utashuka karibu mita 1.2. Hicho ni kipimo cha haraka. Maabara utarudia kwa kubana sampuli chini ya uzito wa tuta huku inayeyuka, kwa sababu uzito wa tuta huukamua udongo zaidi.

Sasa mtego wake. Barafu haikutandazwa sawasawa. Mahali pengi ardhi ya baridi kali imepasuka kwa kusinyaa, maji ya theluji yakaingia kwenye nyufa, yakaganda, na mwaka uliofuata ufa ukafunguka pale pale. Baada ya karne nyingi hutokea kabari za barafu safi, pana juu na nyembamba chini, zinazokutana na kuigawa nchi katika poligoni, yaani vipande vya pembe nyingi, zenye upana wa mita 10 hadi 30. Keekee yenye kipenyo cha sentimita 10 ikipita katikati ya poligoni itakuletea udongo wa wastani, nawe utaandika ripoti nzuri. Mita 6 pembeni yake kuna ukuta wa barafu wenye upana wa mita 2. Miaka michache baada ya ujenzi, barabara itakuwa na mabonde kila baada ya mita 15, yote juu ya kabari. Kwa hiyo mashimo huchaguliwa kwa jozi, moja katikati ya poligoni na jingine juu ya mfereji wa mpakani mwake, ilipo kabari, na pengine moja huchimbwa mshazari ili likate ukuta.

Joto la ardhi lina uzito sawa na barafu

Ardhi mbili zenye barafu asilimia 40, moja ikiwa na nyuzi −6 na nyingine −0.5, si jirani hata kidogo. Ya kwanza inakuvumilia makosa. Ya pili ikipata joto kidogo tu huanza kuyeyuka, na hata kabla ya hapo huwa laini, kwa sababu ndani ya udongo wenye chembe ndogo baadhi ya maji hubaki bila kuganda hata chini ya 0, na barafu iliyobeba uzito hutiririka polepole. Mashapo ya pwani na ya bahari ya kale huwa magumu zaidi kuyatabiri kwa sababu ya chumvi: maji ya bahari huganda karibu na nyuzi −1.9, kwa hiyo udongo wa chumvi wenye nyuzi −2 unaweza kuwa haujashikana. Usisahau kupima chumvi ya maji yaliyotoka kwenye sampuli.

Joto hupimwa kwa uzi wenye themista, vipimajoto vidogo vya umeme, unaoshushwa ndani ya bomba lililozibwa chini. Vipange vikaribiane karibu na uso, kwa mfano kila nusu mita hadi mita 2, kisha mita 3, 5, 7, 10 na 15. Kabla ya kuvishusha, vitumbukize vyote kwenye ndoo ya barafu iliyopondwa na maji safi, uandike kila kimoja kimekosea kiasi gani kwenye 0. Hapa kosa la nusu nyuzi linabadilisha uamuzi wote. Halafu subiri. Keekee yenyewe imepeleka joto shimoni, na joto hilo huchukua wiki kadhaa kutoka, kwa hiyo vipimo vya siku ya kwanza haviaminiki. Unahitaji mwaka mzima wa vipimo ili uone tabaka la kiangazi limefika kina gani, na kina ambacho joto halibadiliki tena kwa misimu, ambacho kwa kawaida ni kati ya mita 10 na 20. Mkandarasi atakuambia hana mwaka. Mwambie mradi unaotumika miaka 30 hauwezi kukosa mwaka mmoja wa vipimo.

Na usitumie joto la leo peke yake. Kati ya 2007 na 2016, joto la jalidi ya kudumu duniani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 0.29. Ardhi yenye −1 leo ipigie hesabu kama itakavyokuwa mwishoni mwa umri wa barabara.

Nchi isomwe kabla ya kuchimbwa

Kazi huanzia mezani, kwa picha za satelaiti na picha za ndege za miaka ya nyuma. Mistari ya poligoni huonekana vizuri kutoka juu. Vijito vilivyo na vidimbwi vya duara vilivyofuatana ni dalili ya kabari zinazoyeyuka kwenye njia panda zake. Maziwa yenye kingo zilizobomoka, yaliyokua ukilinganisha picha za zamani na za sasa, yanakuambia barafu iko karibu na ukingo, basi kaa mbali. Miti iliyoinama kila mmoja upande wake ina mizizi kwenye ardhi inayosogea. Kilima cha duara kinachosimama peke yake kwenye bonde lililokauka ni pingo, na moyo wake ni barafu, kwa hiyo usikikate wala usikipande. Tafuta pia picha za mwisho wa majira ya baridi, Aprili au Mei, uone madoa meupe mabondeni wakati theluji imeshaondoka kwingine. Hizo ni naledi: maji ya chemchemi yanayotoka majira ya baridi na kuganda tabaka juu ya tabaka. Ukipitisha barabara hapo, kila mwaka itafunikwa na barafu na makalvati yataziba.

Ng'ambo ya mto Lena, mashariki ya Yakutsk, utakutana na sura ya nchi inayowadanganya wageni. Kuna mabonde ya duara yenye nyasi, mengi yakiwa na ziwa katikati, yanayoitwa alasi, na baina yake kuna uwanda wa juu, tambarare, wenye msitu mzuri wa miti ya lachi. Mgeni atachora barabara juu ya uwanda na kukwepa mabonde. Lakini alasi ni mahali ambapo barafu imeshayeyuka na ardhi imeshashuka, na uwanda ule wa juu ndio uliobakiwa na kabari kubwa za barafu. Ukifyeka msitu na kuulima, baada ya miaka shamba hutoka vinundu vilivyopangana, na mfereji baina ya kimoja na kingine ni kabari iliyoyeyuka. Sisemi barabara ipite ndani ya alasi, kuna maji na udongo laini. Nasema usiupe uwanda alama nzuri kwa sababu tu ni mkavu na umenyooka. Kwa upande mwingine, msonobari karibu na Yakutsk mara nyingi husimama kwenye mchanga unaopitisha maji na kuyeyuka kwa kina. Ukiona unaingia kwenye msonobari, yaelekea unaingia kwenye ardhi bora.

Kuvumwani na mboji zinazofunika ardhi hufanya kazi ya gunia ambalo wavuvi wetu hufunika barafu nalo chomboni: kiangazi hukauka na kuzuia joto lisishuke. Mwaka 1942, wanajeshi wa Marekani walipofungua barabara ya Alaska, walifyeka na kukwangua hadi udongo, kama desturi ya kwingine, na sehemu nyingi zikageuka matope yaliyomeza mitambo. Wakalazimika kubadili mbinu: kuacha majani mahali pake, kulaza magogo na kumwaga kifusi juu.

Baada ya mezani, tembea. Wakati wake ni mwisho wa Agosti hadi katikati ya Septemba, tabaka la kiangazi linapokuwa limefika kina chake kikubwa. Beba chuma cha duara cha milimita 10 hivi, urefu mita 1.5, chenye mpini wa msalaba. Kisukume ardhini kila baada ya hatua chache hadi kigonge kilichoganda, uandike kina pamoja na mimea ya hapo na unyevu. Mawe hudanganya, kwa hiyo kila mahali sukuma mara kadhaa. Angalia maji yanakotoka na yanakokwenda, hata yale yanayopita chini ya nyasi bila mfereji. Barabara yako itakuwa ukuta mbele ya maji hayo.

Uchimbaji hufanyika Machi na Aprili, mchana umerefuka na ardhi bado inabeba mitambo bila kuumia. Tumia keekee kavu, au hewa au maji ya chumvi yaliyopoozwa. Maji ya kawaida yataiyeyusha sampuli kabla hujaiona. Sampuli ipigwe picha na kuandikwa pale pale, ifungwe, ibaki imeganda. Katika kuandika, herufi N ni ardhi ambayo barafu yake haionekani kwa jicho, V ni barafu inayoonekana, na tabaka la barafu linalozidi milimita 25 huandikwa peke yake kama barafu. Kina cha mita 10 kinatosha kwa tuta la kawaida, lakini ukiingia kwenye barafu kubwa usisimame ndani yake. Endelea hadi uitoke. Kupanga mashimo kila mita 500 kwa usawa ni kupoteza fedha. Gawa njia kwa sura za nchi ulizozisoma, chimba katika kila sura, kisha ongeza mashimo kwenye mipaka, maana barabara huvunjika mpakani, upande mmoja ukishuka na mwingine ukibaki.

Baina ya mashimo utasaidiwa na vipimo vya umeme na vya rada. Barafu huupinga umeme sana, kwa hiyo kipimo cha umeme huonyesha wapi imejazana, lakini changarawe kavu na mwamba navyo hupinga, na kuna watu wamechora barafu mahali palipo na kokoto. Kila mchoro wa namna hiyo uthibitishwe kwa shimo. Rada huburutwa vizuri majira ya baridi juu ya theluji, na ni nzuri kwa kutafuta kabari.

Barabara inavyolipeleka joto chini

Hapa ndipo jibu la "kwa nini zinapasuka". Uso wa changarawe isiyo na kivuli, kiangazi, hukusanya joto karibu mara 1.5 ya hewa iliyo juu yake, na lami huweza kufika mara 2. Chini ya kuvumwani na vichaka, kiasi hicho huwa karibu nusu tu. Ili kukadiria kina cha myeyuko, jumlisha joto la kila siku ya kiangazi lililo juu ya 0. Hizo huitwa siku-nyuzi. Zidisha kwa kigezo cha uso (hiyo 1.5, 2 au nusu niliyoitaja), kwa sekunde 86,400 za siku, kwa uwezo wa udongo kupitisha joto, na kwa 2. Gawanya kwa joto linalohitajika kuyeyusha barafu ya mita 1 ya ujazo ya udongo huo. Kisha tafuta kipeuo cha pili.

Chukua mahali penye siku-nyuzi 900. Silti iliyoloa chini ya kuvumwani, kigezo 0.6, inapitisha wati 1 kwa mita kwa nyuzi, uzito wake ukiwa mkavu ni kilo 1,300 kwa mita ya ujazo na maji ni asilimia 40 ya uzito huo: joto la kuiyeyusha ni megajuli 174, na kina kinatoka karibu mita 0.7. Sasa weka tuta la changarawe, kigezo 1.5, upitishaji 1.5, kilo 2,000, maji asilimia 6: joto la kuyeyusha ni megajuli 40 tu, na kina kinafika karibu mita 3. Hesabu hii hukadiria juu kidogo, kwa sababu haihesabu joto linalopotea kwa kuipasha ardhi iliyo chini. Lakini somo lake limesimama: kifusi kikavu kina maji machache, kwa hiyo hakuna cha kumzuia myeyuko njiani. Tuta la mita 1.5 lililoonekana nene sana kwenye mchoro laweza kuruhusu kiangazi kuifikia silti ya chini. Barabara ya Dempster huko Kanada, iliyofunguliwa 1979, ilijengwa juu ya kitanda cha changarawe cha mita 1.2 hadi 2.4 kwa sababu hiyo.

Majira ya baridi mambo hugeuka. Katikati ya barabara theluji huondolewa kwa greda na baridi huingia, jambo zuri. Theluji hiyo husukumwa kwenye miteremko ya tuta, na upepo huongeza yake. Theluji nene ni kizuizi cha joto, kwa hiyo pembeni ardhi haipoi vya kutosha. Kiangazi maji hukusanyika miguuni mwa tuta na kuongeza joto. Matokeo ni katikati kubaki pameganda na mabega kuzama, na nyufa ndefu zinazofuata urefu wa barabara, mita 1 au 2 kutoka ukingoni. Ukiziona nyufa hizo, usipoteze muda kuziziba kwa lami. Nenda kaangalie maji na theluji ya pembeni. Kwa hiyo katika tathmini chora pia upepo wa majira ya baridi unavuma kutoka wapi, na kila mahali maji yanapotaka kuvuka. Kalvati moja kubwa bondeni haitoshi.

Kuamua njia

Vipimo vikikamilika, kila kipande kina majawabu machache. La kwanza kwangu ni kukwepa: mwamba, changarawe ya mito ya kale, migongo mikavu, hata kama barabara inarefuka kilomita kadhaa. La pili ni kuilinda ardhi iendelee kuganda, kwa tuta nene juu ya majani yasiyoguswa, bila kukata mahali popote. Barabara ya Inuvik hadi Tuktoyaktuk, Kanada, iliyofunguliwa Novemba 2017, ilifuata kanuni hiyo: kitambaa cha kijenzi kililazwa juu ya tundra, nchi ya baridi isiyo na miti, na kifusi kikamwagwa majira ya baridi. Ujue kuwa kifusi kilichoganda hakishindiliki. Kinabidi kipite kiangazi, kishuke, ndipo kichongwe na kushindiliwa. Machimbo ya kifusi nayo yapimwe barafu, maana mlima wa changarawe unaweza kuwa na barafu tumboni na ukakuletea mita za ujazo za matope.

La tatu, ardhi yenye barafu kidogo au yenye changarawe iache iyeyuke, na upange matengenezo ya miaka ya mwanzo. La nne ni la gharama: mawe makubwa yanayopitisha hewa ya baridi, themosaifoni zinazotoa joto ardhini majira ya baridi, au daraja juu ya nchi kavu. Reli ya Qinghai–Tibet, China, iliyofika Lhasa 2006, ina karibu kilomita 550 juu ya jalidi ya kudumu, na penye hali mbaya waliinua njia juu ya nguzo. Daraja la Qingshuihe peke yake lina kilomita 11.7.

Miteremko itazame mara mbili. Upande unaotazama kusini hupata jua zaidi, na katika nchi ambayo jalidi ni ya madoa madoa huenda hauna jalidi kabisa, na hapo ni bora kuliko kaskazini. Kinachoua ni kupita kwenye mpaka wa pande hizo. Tazama pia kilicho juu ya barabara: Alaska, kwenye barabara ya Dalton iliyojengwa 1974, mwaka 2018 kipande kilihamishwa chini ya mteremko kwa sababu lundo kubwa la udongo, mawe na miti, lililoganda na linalotambaa polepole, lilikuwa linaikaribia.

Na Pemba?

Itakufaa, na si kwa theluji. Mabonde yetu ya mpunga yana kinamo kinachovimba masika na kupasuka kaskazi, na njia inayoshuka kutoka kilimani, ikavuka bonde na kupanda tena, inavunjika pale pale ambapo kule inavunjika: mpakani. Chimba mashimo yako Aprili au Mei maji yakiwa juu, weka mengine pale kilima kinapokutana na bonde, na waulize wakulima maji yalifika wapi. Upande wa Micheweni, kwenye uwanda wa matumbawe, mtego ni ule wa kabari: shimo moja la keekee linapita kwenye mwamba mgumu na pango liko mita 3 pembeni. Kipimo cha umeme au cha rada, kikithibitishwa kwa shimo, kinafanya kazi huko pia.

Kabla ya kusafiri, irudie hesabu ya kina cha myeyuko kwa mkono hadi usihitaji kuangalia, na ujifunze kusoma picha za ndege kwa miwani ya pande mbili (stereoskopu), inayokuonyesha vilima na mabonde, kama chuo bado kinayo. Kirusi cha kuandikia kumbukumbu za keekee anza sasa. Ukifika, iulizie Taasisi ya Melnikov ya utafiti wa jalidi ya kudumu, ina maabara chini ya ardhi, na uombe kwenda nao uchimbaji wa Machi, hata kama kazi yako itakuwa kufunga sampuli na kuziandika majina.